Msiba wa Kifunguo

Asubuhi ile Mukai alikichomoa kifunguo kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo fundi Murunga alikuwa amemkataza kama daktari anavyomkataza mgonjwa chumvi. Alikichomoa, akakipuliza vumbi, akakifunga kwenye kitambaa safi cha hanki na kukitia kifuani. Akazima kompyuta, akafunga duka lake la Lindi, huko Kibera, akashika njia ya Kawangware kwa miguu. Kimekufa, alikuwa ameshaamua. Na kama kimekufa, mwenziwe aliyekinunua naye lazima aambiwe.

Wala asingemwambia kwa simu, hata! Kwao Kitui habari ya kifo haipigwi simu kama mtu anayeagiza mtungi wa gesi. Mtu anaenda. Anabisha hodi, anapewa kiti, anakunywa maji, ndipo anafungua mdomo. Kifunguo kile alikinunua pamoja na Kageha, nusu kwa nusu, kwa pesa ya chama cha akiba, na Kageha alikuwa wa karibu naye kuliko dada zake wa tumbo moja. Sasa mtu kama huyo umpigie simu, useme "kimekufa", ukate? Utakuwa mtu wa aina gani?

Tuelewane kuhusu hiki kifunguo, maana ukikiona utadhani ni flashi ya nyimbo. Ni kidude cheusi cha plastiki, cha kuchomeka kwenye tundu la USB la kompyuta, basi. Lakini ile programu ya kuchora beji za shule na kuzishonesha kwa mashine ilikuwa haifunguki bila hicho. Kila mnunuzi hupewa kimoja tu, na kikipotea au kikiharibika unanunua programu nzima upya, kwa bei ya wenye viwanda, si ya mtu wa Lindi. Na mashine yenyewe ya kudarizi ilikuwa bibi kizee asiyekumbuka kitu. Ililishwa mishono kwa waya kutoka kwenye programu, beji moja baada ya nyingine. Kifunguo kikipotea kwenye programu, sindano inasimama papo hapo.

Programu nayo ilikuwa ya zamani. Kompyuta yao ya kwanza ilipoungua kwa hii stima ya Kibera inayokuja na kwenda itakavyo, Murunga aliwaletea mpya. Huyu Murunga ni mume wa Kageha, fundi wa kompyuta, mdomo asali. Kompyuta mpya ikaikataa programu kabisa. Murunga akacheka, akasema hakuna noma, akawajengea kompyuta ndani ya kompyuta. Mafundi wanaiita virtual machine. Unafungua dirisha kwenye kioo, na ndani ya hilo dirisha kuna kompyuta nyingine nzima, ya kale, inayowaka na kuzimika kivyake, wala haijui kwamba iko tumboni mwa nyingine. Mukai aliiita kompyuta ya ndani, akaiwekea picha ya mama yake, amejifunga kitambaa cha manjano na kumkumbatia kuku.

"Sasa kifunguo," Murunga aliwaeleza siku ile, "ni kompyuta kubwa inakiona kwanza. Lazima uiambie iachilie. Bonyeza hapa juu, unaona jina lake? Weka tiki. Haya, hapo kubwa imekipoteza na ya ndani imekipata. Wawili hawawezi kukishika pamoja. Ni kama mtoto wa kubebwa mgongoni, akiwa kwako hayuko kwangu."

Wanawake wakacheka, wakampikia chai, na kweli kazi ikaenda. Ikaenda vizuri mpaka Kageha aliposema anahama. Murunga amepata nyumba Kawangware, akasema, na yeye mgongo umemshinda, kudarizi ameacha, atauza mitumba ya watoto huko huko.

"Na kifunguo?" Mukai alimuuliza. "Nusu yake ni yako."

"Kaa nacho, dadangu," Kageha akasema huku akimshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye fundi. Mimi nikipeleke wapi?"

Jameni! Mukai alilia. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba kuna watu wanasema urafiki wa siku hizi ni wa chai na mandazi, lakini yeye anaye rafiki. Akina mama wakapiga vigelegele. Kabla ya kuhama, Murunga alipita kuifanyia kompyuta huduma ya mwisho, akaacha amri. Kompyuta isizimwe. Kifunguo kisichomolewe, kikichomolewa kitakufa. Na wifi ya jirani iwe inawaka saa zote, kwa ajili ya antivirus. Mukai alizishika hizo amri kuliko zile za Musa.

Ugonjwa ulianza shule zilipokaribia kufungwa. Mukai anaweka tiki, na kompyuta inamjibu kwa Kiingereza chake cha kiburi kwamba kifaa kina shughuli, hakipatikani. Anangoja. Anajaribu tena. Wapi! Halafu ghafla, bila sababu, kinarudi, anashona beji chache, na katikati ya mshono kinapotea tena na sindano inaning'inia hewani.

"Shem, hicho kimezeeka," Murunga alimwambia kwa simu. "Usikichoshe. Punguza kazi kiasi. Kazi zingine waachie watu."

Naye Kageha, kila Mukai alipompigia, alihuzunika mpaka ukamwonea huruma yeye. "Pole, Mukai wangu. Aki pole. Hebu tuombe." Na anaomba kwelikweli, kwa sauti, akikemea kila roho inayozuia kazi ya mikono ya dada yake. Siku moja nyuma ya maombi kulikuwa na mngurumo, drrrr, drrrr, mpaka Mukai akauliza ni nini. Ni posho mill ya jirani, anasaga unga, Kageha akasema, nikuombee au nisikuombee? Basi wakaendelea mpaka amina.

Maombi ya simu yalipoonekana hayatoshi, Mama Tabby, mwenyekiti wa akina mama, aliwaleta wenzake dukani Jumapili baada ya ibada. Wakaizunguka kompyuta, wakaiwekea mikono, wakaipaka mafuta. Tone moja likaingia kwenye kibodi na tangu hapo herufi ya M ikawa inakwama. Lakini Mukai alipoweka tiki, wacha wee, kifunguo kikashika! Kikafanya kazi mchana wote bila kupepesa. Mama Tabby alirudi kwake akitembea kama aliyefufua wafu. Jumatatu kilipotea tena, na hakuna aliyejiuliza Jumapili ilikuwa na nini.

Na haya yote yalikuwa yakitokea wakati gani? Wakati Mukai amepata kazi kubwa kuliko zote maishani mwake! Mwalimu Filister, mwenye shule ya hapo Lindi, alikuwa amempa sweta za watoto wote azitie beji kabla ya shule kufunguliwa. Mukai mwenyewe ndiye aliyeichora hiyo beji, jua linalochomoza nyuma ya kalamu. Alikuwa amekesha na rangi ya miale mpaka ikatoka kama anavyoiona asubuhi juu ya mabati. Kazi hiyo ikimalizika vizuri, duka limepona. Isipomalizika, Kihara mwenye chumba alikuwa ameshasema wazi kwamba kuna mtu wa M-Pesa anapataka.

Filister ni mwanamke mzuri lakini hana subira. Mara ya kwanza aliambiwa kifunguo ni kigonjwa, akasema pole. Mara ya pili akaambiwa kuna maombi yanaendelea.

"Mukai," akasema, "watoto hawavai maombi."

Akaanza kupunguza. Gunia moja la sweta likaondoka, kuna mtu mwingine atasaidia, alisema. Baadaye jingine. Na ajabu ni kwamba kadiri sweta zilivyoondoka ndivyo kifunguo kilivyozidi kuugua, mpaka hata zile chache zilizobaki zikamshinda. Jana yake jioni Filister alikuja kuchukua gunia la mwisho. Hakugomba hata. Alisema tu, "Si wewe, ni mashine," na hiyo ndiyo iliyomuuma Mukai zaidi ya matusi.

Basi ndiyo maana asubuhi hii alikuwa njiani. Alikata soko la Toi, akatokea Adams, akaifuata Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, akaingia barabara ya Naivasha, hanki imemganda kifuani kwa jasho. Njiani alikuwa akipanga maneno. Kageha, keti. Kageha, kile kitu chetu. Alijua Kageha atalia, na alitaka alie naye, maana tangu jana alikuwa hajapata mtu wa kulia naye.

Kageha alikuwa amemwelekeza siku nyingi, ploti yenye geti la bluu, karibu na kinyozi. Mukai alikuwa hajawahi kufika. Kila akisema anakuja, Kageha alisema ngoja tupake rangi, ngoja mtoto apone, ngoja mvua iishe. Geti lilikuwa wazi. Mlango wa Kageha nao ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo, na ndani hakuna mtu, ila sauti ya Kageha ilisikika huko nyuma kwenye kamba za nguo, akiongea na simu. Mukai akabisha hodi, hakusikika. Akaingia, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango kama mleta msiba anavyoketi, mikono magotini.

Akaiona mashine. Ilikuwa mashine ya kudarizi, umri mmoja na ile yake, imefunikwa nusu kwa kanga. Na mtu alivyo mpumbavu akimpenda mwenzake! Jambo la kwanza lililomjia Mukai ni furaha. Kumbe amerudia kazi! Masikini, aliona haya kuniambia, baada ya kusema mgongo umemshinda.

Akaziona sweta. Rangi ya maruni, magunia mawili yamefunguliwa na la tatu bado na fundo alilolifunga yeye mwenyewe jana. Juu ya meza kulikuwa na rundo zilizokwisha, na kifuani mwa kila moja jua lilikuwa likichomoza nyuma ya kalamu.

Lakini bado alikuwa akimtetea, jamani. Filister amempa tu kazi, alijiambia, si kosa lake, Filister hakumwambia zimetoka kwangu. Ndipo akageuza macho kwenye kompyuta.

Mama yake alikuwa akimtazama. Mama yake wa Kitui, na kitambaa cha manjano, na kuku, ndani ya dirisha kwenye kioo cha Kageha. Pembeni mwa picha yalikuwepo mafaili yake yote, yamepangwa alivyoyapanga, mpaka lile la beji ya kwaya alilokosea jina akaliacha hivyo hivyo. Murunga hakuwa amejengea mkewe kompyuta nyingine. Alikuwa ameichukua ile ya ndani ya Mukai, nzima, akaipakua jinsi ilivyo na kuipakia huku, bila hata heshima ya kumwondoa mzee wa watu na kuku wake. Na katikati ya kioo, juu ya uso wa mama, kulikuwa na yale maneno ya Kiingereza cha kiburi. Kifaa hakipatikani.

Mukai aliyasoma mara nyingi. Aliujua ujumbe huo kuliko jina lake, alikuwa ameupaka mafuta na kuufungia siku bila kula. Akaweka mkono kifuani, akakigusa kifunguo. Hapa hakipatikani kwa sababu kiko hapa, alifikiri, na kule kilikuwa hakipatikani kwa sababu... Woi. Woi, Ngai, Mungu wangu.

"Bado!" Kageha alikuwa akiingia, mgongo mbele, beseni la nguo kiunoni na simu begani. "Tangu asubuhi, baba, nakuambia imekatika kabisa. Hiyo kompyuta ya Kibera ameizima. Ingia umwambie umekuja kuiservice, washa wifi, ukichomeke tena, nikishike kabla yeye hajaweka tiki. Filister anataka..."

Akageuka.

Beseni halikuanguka. Kageha aliliweka chini polepole sana, kama lina mayai, na simu ikabaki mkononi ikiita hallo, hallo.

"Mukai," akasema. "Umekuja saa ngapi? Hujanywa hata maji."

"Nimeleta habari za msiba," Mukai akasema. Maneno aliyoyapanga barabarani ndiyo yaliyotoka, hakuwa na mengine. "Nimekuja kukuambia kifunguo chetu kimekufa. Nimetembea kutoka Lindi nije nikuambie uso kwa uso usije ukashtuka."

Simu ikasema, "Hallo? Mama, duka limefungwa. Niko hapa mlangoni kwake, hayuko."

Mukai akanyoosha mkono, na Kageha akampa simu bila kujua anampa.

"Niaje, shem," Mukai akasema. "Umefika kwangu? Karibu. Mimi nami niko kwako."

Upande ule ukakata.

Kageha alianza kulia. Akasema mengi, yamechanganyika. Kwamba mitumba haikuuzika. Kwamba ni Murunga alisema kuna programu inaweza kukichukua kifunguo kupitia wifi kutoka Kibera mpaka Kawangware kana kwamba kimechomekwa hapa hapa, na ilikuwa iwe saa ambazo Mukai amelala tu, halafu kazi ikazidi. Kwamba hajaiba. Kisha akafuta pua na kuinua kidevu.

"Na nusu yake ni yangu, Mukai. Hilo hata wewe unajua."

"Ni yako. Ungesema."

"Ungenipa?"

"Ningekupa!" Sasa Mukai alikuwa amesimama, na sauti yake ilitoka mpaka kwa kinyozi. "Ungesema, 'Mukai, nakihitaji,' ningekuletea mimi mwenyewe kwa hii miguu! Ungeshona asubuhi nishone jioni! Mimi nilikukatalia nini, Kageha? Hebu taja kitu kimoja. Kimoja tu!"

Kageha alitazama zile sweta.

"Kila mteja akiingia pale dukani," akasema polepole, "alikuwa anauliza, 'Mukai yuko?' Nimekaa hapo mbele yake, uzi mkononi, na bado anauliza Mukai yuko. Nilitaka mahali waniulizie mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na Mukai alijua ni kweli, na halikupunguza chochote. Lilimuuma tu upande mwingine.

"Nakuuliza jambo moja," akasema. "Ile siku ya posho mill. Jirani yako hapa ni kinyozi, na ukutani upande ule ni choo. Hakuna posho mill, Kageha. Uliponiombea, mashine yako ilikuwa inashona?"

Kageha akaivuta kanga, akaifunika mashine vizuri.

"Ulikuwa umekishika huku, unashona jua langu, na unaniombea mimi nikipate?"

"Mukai..."

"Na ukasema amina. Nilikusikia. Ulisema amina kuliko mimi."

Akageuka aondoke. Kageha akamshika mkono, na hapo ndipo Mukai alipoamini kwamba mtu anaweza kukosa haya kabisa. Kageha alimwambia, kwa sauti ile ile tamu, kwamba yaliyopita si ndwele, kwamba shule inafunguliwa, kwamba kwa vile kifunguo amekuja nacho hapo kifuani, si wakichomeke tu wamalize hizo zilizobaki, wagawane, halafu wakae chini waongee kama dada? Mukai akautoa ule mkono kidole kwa kidole, akatoka.

Alilia Dagoretti Corner, mbele ya mafundi wa vitanda. Mwanamke asiyemjua akamuuliza amefiwa na nani, akasema na rafiki, na yule mwanamke akampa pole na kumwambia amwachie Mungu. Mukai akamshukuru na kuendelea na safari.

Duka lilikuwa kama alivyoliacha. Akawasha kompyuta, akazima wifi, akafungua ile ya ndani, akachomeka, akaweka tiki. Kikashika mara moja. Akajaribu mashine na kipande cha kitambaa, jua likatoka lote, mwale hadi mwale, bila kukatika hata mshono mmoja. Kilikuwa kizima siku zote. Hakijawahi kuugua hata mafua. Na sasa kilipokuwa chake peke yake saa zote za mchana, hakuna hata sweta moja ya kushona.

Kesho yake mkokoteni ulisimama mlangoni, umebeba magunia, na Mwalimu Filister nyuma yake akijipepea kwa mkono.

"Sasa, Mukai. Kumbe mko pamoja na hamsemi! Kageha ameniambia mashine ya Kawangware imegoma, nilete hizi zilizobaki kwa fundi wake wa huku Kibera."

"Fundi wake nani?"

"Si wewe? Amesema amekuandika kazi tangu duka lako lishindwe. Umalizie hizi, atakutumia chako."

Mukai alimweleza. Alimweleza yote, kifunguo, wifi, kompyuta ya ndani, mama na kuku, na Filister akasikiliza huku akitazama magunia. Alipomaliza, mwalimu akavuta pumzi.

"Ni vibaya," akasema. "Kusema ukweli ni vibaya sana. Lakini kule nimeshalipa zote, na mimi hizo wifi zenu sizijui. Nyinyi ni marafiki, mtayamaliza. Mimi nataka watoto wavae."

"Nitazishona bure," Mukai akasema. "Zote. Hutanilipa kitu. Ila shule ikifunguliwa uwaambie wazazi beji ni ya Mukai, na nimeishona mimi hapa Lindi."

"Na Kageha nitamwambiaje? Ah, Mukai. Siwezi kuingia siasa zenu."

Ilikuwa rahisi kukubali. Kihara alikuwa amepita asubuhi na yule mtu wa M-Pesa, wakapima ukuta kwa macho. Sweta zilikuwa pale, kifunguo kinafanya kazi, na jua lenyewe alikuwa anaweza kulishona akiwa amefumba macho. Mukai aligusa sweta ya juu, akaikunja vizuri mikono yake, akairudisha guniani na kufunga kamba.

"Mwalimu," akasema, "mwambie Kageha fundi wake wa Kibera ameacha kazi leo."

Filister akamwashiria mwenye mkokoteni.

Shule ilipofunguliwa, watoto wa Lindi walipita mlangoni kwa Mukai wengine wana jua kifuani na wengine sweta tupu. Mukai alikuwa akifunga vitu vyake kwenye maboksi. Akamwona msichana mmoja, labda wa darasa la pili, beji yake ina uzi mrefu unaoning'inia kutoka kwenye mwale wa kwanza, uzi ambao fundi wa kweli hauachi uende na mteja. Angemwacha apite. Alijiambia amwache apite.

"Wewe, kuja hapa," akamwita. Akachukua mkasi, akapiga magoti, akaukata uzi karibu kabisa na kitambaa, akailainisha beji kwa kidole gumba.

"Asante, aunty," msichana akasema, akainamia kifua chake aone. "Ni nzuri, eeh? Mwalimu alisema kwenye paredi kwamba imeshonwa na fundi wa Kawangware. Anaitwa Kageha."

Mukai alibaki amepiga magoti, kidole bado kiko juu ya lile jua.

"Ni nzuri," akasema. "Haya, kimbia, utachelewa."